Moshi wa meli: ukishasafishwa, uchafu umeenda wapi?

Watu wengi wakiona meli inatoa moshi mweusi wanasema hiyo inachafua hewa, na wako sawa kabisa, shida inakuja pale wanapoona dohani haitoi moshi wowote alafu wakasema hii ni safi. Hapo ndo nataka tuelewane leo. Kile kinachoonekana kwa macho kwenye moshi wa dizeli ni masizi tu, na masizi ni mabaya kweli, lakini kuna gesi mbili kubwa ambazo huzioni kabisa, oksidi za nitrojeni ambazo sisi tunaofanya kazi injini rumu, yaani chumba cha injini cha meli, tunaziandika NOx, na oksidi za salfa. Injini inaweza kuwa imetulia vizuri, dohani haifuki, chifu, yaani mhandisi mkuu, anafurahi, na bado inamwaga NOx kwa wingi kuliko ile inayofuka. Tena mara nyingine ni kwa sababu hiyohiyo ya kuungua vizuri, na nitaeleza kwa nini.

Ukipima moshi wa injini kubwa ya meli utakuta karibu robo tatu ni nitrojeni ileile iliyoingia na hewa, kuna oksijeni iliyobaki maana hizi injini zinapewa hewa nyingi kuliko mafuta yanavyohitaji, kuna mvuke wa maji na kuna kaboni dioksidi. Vile vinavyoumiza mapafu moja kwa moja, yaani NOx, salfa, masizi, mafuta yasiyoungua na kaboni monoksidi, vyote ukivijumlisha havifiki hata asilimia 1. Usidanganyike na hiyo asilimia. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na James Corbett walikadiria kwamba chembe zinazotoka kwenye meli zinahusika na vifo kama 60,000 kwa mwaka duniani, moyo, mapafu, saratani ya mapafu, na wengi wao ni watu wa ukanda wa pwani kwa sababu karibu asilimia 70 ya moshi wa meli unatolewa ndani ya kilomita 400 kutoka nchi kavu. Alafu 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO likauweka moshi wa dizeli kwenye kundi la 1, kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Na wa kwanza kuuvuta ni sisi tuliomo ndani ya meli yenyewe, kabla haujafika pwani yoyote.

Kwa hiyo kila nikisikia kuna mtambo mpya wa kusafisha moshi nauliza swali moja tu: uchafu umeenda wapi? Maana haupotei. Ama hukuutengeneza tangu mwanzo, ama umeuhamisha. Nitapitia mambo ninayoyajua kwa kutumia swali hilo.

Tuanze na NOx maana ndo ngumu kueleweka. Salfa inatoka kwenye mafuta, ukinunua mafuta yasiyo na salfa shida imeisha. NOx haitoki kwenye mafuta, au tuseme sehemu ndogo sana, karibu yote inatoka kwenye hewa yenyewe. Nitrojeni ya hewani kwa kawaida imetulia haigusani na mtu, lakini ukiipasha moto kupita kama digrii 1,500 na kuendelea, inaanza kushikana na oksijeni, na kila joto likipanda kidogo kasi ya kushikana inapanda sana. Ndani ya silinda mafuta yanapowaka ule mwali wenyewe unafika zaidi ya digrii 2,000. Sasa angalia ubaya wake: ili injini ile mafuta kidogo unataka mafuta yawake mapema na presha ipande juu, na presha ikipanda joto linapanda, na joto likipanda NOx inazaliwa. Ukichelewesha kupuliza mafuta ili joto lishuke, NOx inapungua kweli, lakini unakula mafuta zaidi, na kaboni dioksidi inaongezeka, na masizi nayo yanaongezeka kwa sababu mafuta ya mwisho yanakosa muda na joto la kuungua yakaisha. Huu mvutano ndo kila kitu kwenye hii fani, mtu yeyote anayekwambia amepunguza vyote kwa pamoja kwa kugusa taimingi tu, yaani wakati wa kupuliza mafuta, mwambie akuonyeshe vipimo vya yale mengine.

Ndo maana pia sheria haikuweka namba moja kwa injini zote. Kiambatisho cha VI cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa meli, kilichopitishwa 1997 na kuanza kutumika Mei 2005, kinaangalia mizunguko ya injini. Injini zile kubwa zinazozunguka chini ya mara 130 kwa dakika zinaruhusiwa gramu 17 za NOx kwa kila kilowati-saa kama meli imejengwa kuanzia 2000, hiyo inaitwa Tia 1. Injini ndogo za mizunguko 2,000 na zaidi mwisho wao ni gramu 9.8. Tofauti ni muda tu, kwenye injini ya mwendo wa pole gesi inakaa kwenye joto kali muda mrefu. Tia 2 ya 2011 ikashusha ile 17 ikawa 14.4, na hapo watengenezaji waliweza bila kuongeza mtambo wowote nje ya injini, walicheza na presha ya mgandamizo, umbo la nozeli (ile ncha yenye matundu ya kupulizia mafuta), muda wa kufunga valvu, na pampu za kielektroniki. Tia 3 ndo ilibadilisha mchezo, gramu 3.4, huwezi kufika hapo kwa taimingi. Lakini Tia 3 inabana kwenye maeneo maalumu tu, kwa mfano pwani za Marekani na Kanada na Karibiani ya Marekani kwa meli zilizojengwa kuanzia 2016, Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini kwa zilizojengwa kuanzia 2021. Ukitoka nje ya mstari unazima mtambo unarudi Tia 2, na ni halali kabisa. Na meli inaishi miaka 25 au zaidi, kwa hiyo ile iliyojengwa 1999 bado inatembea mahali na kwa nyingi za namna hiyo hakuna anayeiuliza lolote kuhusu NOx.

Sasa kabla sijafika kwenye mitambo ya bei kubwa ngoja niongelee injekta, kile kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini ndo mahali pa kwanza pa kupunguza moshi na ndo mahali panapodharauliwa kuliko pote.

Injekta ikiwa nzima inapasua mafuta yanakuwa ukungu, matone madogo sana, kila tundu linatoa kiasi sawa, na ikifunga inafunga kwa mkato bila kudondosha. Ikichoka, matundu yanakuwa yameliwa na yamepanuka, tena hayapanuki kwa usawa, moja linakuwa la mviringo na jingine limekuwa kama yai, basi mwali unaelekea upande mmoja, unagusa laina, yaani ukuta wa ndani wa silinda, au taji la pistoni, mafuta yanaunguzwa na chuma badala ya kuungua kwenye hewa, hayo ndo masizi yako. Ukiitoa utaona kwenye ncha ya nozeli kaboni imejijenga kuzunguka tundu kama tarumbeta ndogo. Ukiona hizo tarumbeta usizipige brashi ukairudisha, ipeleke benchi. Kwenye benchi pampu kwa mkono polepole uangalie geji: presha ya kufungua iwe ile ya kitabu, si chini, na ikishafungua usikilize, zile za aina ya zamani zinatoa mlio mkali wa kukatakata, na ukiacha kupampu angalia ncha. Pakavu? Vizuri. Kuna tone linaning'inia? Basi hilo tone kwa kila mzunguko linaingia kwenye silinda likiwa limechelewa, haliungui likaisha, linatoka kama hidrokaboni, yaani mafuta yasiyoungua, na masizi. Kwenye injini inayozunguka mara 100 kwa dakika ni matone 6,000 kwa saa kwa injekta moja, na silinda moja inaweza kuwa na injekta mbili au tatu. Watengenezaji wenyewe walilijua hili, ndo maana zikaja valvu za kuteleza ambazo zimeondoa kabisa kile kijishimo cha ndani ya ncha ambacho mafuta yalikuwa yanabaki baada ya kufunga, na kwa kuondoa kijishimo tu masizi na hidrokaboni zilishuka.

Na kuna jambo la nozeli za bei rahisi. Injini yenye cheti cha NOx ina faili lake la kiufundi, na ndani yake sehemu zinazogusa uchomaji zina namba ya utambulisho, nozeli, kamu, laina, pistoni, tabochaja (ile feni inayozungushwa na moshi kusukuma hewa ndani ya injini). Ukifunga nozeli isiyo na namba hiyo, hata kama inaingia vizuri na injini inawaka, cheti chako hakina maana tena, na mtu wa ukaguzi akiifungua akaisoma ncha utakuwa na kazi ya kueleza. Mimi nimeona meli ambayo ofisi ilituma boksi la nozeli zisizo na maandishi yoyote, na moshi ulibadilika rangi ndani ya wiki, joto la ekzosi silinda hadi silinda likaanza kutofautiana. Tuliandika, tukapiga picha, tukaomba nyingine, na zikachukua muda kuja. Hiyo pesa iliyookolewa kwenye boksi moja ilishaliwa kwenye mafuta kabla hata nozeli halisi hazijafika.

Upande wa hewa nao usisahaulike. Kipoza hewa kikichafuka hewa inaingia ikiwa ya moto na nyembamba, tabochaja ikijaa uchafu haisukumi vya kutosha, chujio likiziba vilevile, na matokeo ya vyote ni hewa kidogo kwa mafuta yaleyale, moshi mweusi. Kazi za kuosha tabochaja na kipoza hazina sifa, hakuna anayeziandikia makala, ila zinapunguza masizi leo, bila kusubiri sheria mpya. Na hapa swali langu la uchafu umeenda wapi lina jibu zuri: haujaenda popote, haukutengenezwa.

Haya, salfa. Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Kila kilo moja ya salfa kwenye mafuta inatoka dohani ikiwa kilo 2 za dioksidi ya salfa, maana inabeba oksijeni yenye uzito sawa na wake. Mafuta mazito ya zamani yaliruhusiwa hadi asilimia 4.5, ikashushwa 3.5 mwaka 2012, ikaja 0.5 tarehe 1 Januari 2020 kwa dunia nzima, na kwenye maeneo maalumu ni 0.1 tangu 2015. Bahari ya Mediterania nayo imeingia kwenye 0.1 tangu Mei 2025. Chukua meli inayochoma tani 100 kwa siku: kwa asilimia 3.5 inamwaga tani 7 za dioksidi ya salfa kila siku, kwa 0.5 ni tani 1, kwa 0.1 ni kilo 200. Hakuna mtambo wala ujanja wowote kwenye hii kazi uliowahi kuleta punguzo kubwa la haraka kiasi hicho kama kubadilisha tu kile unachochoma. Kuna watu walianza kusema salfa irudishwe kwa sababu ilikuwa inatengeneza mawingu meupe yanayorudisha jua, na ni kweli mistari ya mawingu nyuma ya meli ilipungua baada ya 2020, lakini kumwambia mtoto anayebanwa kifua karibu na bandari avute salfa ili kupooza dunia mimi siwezi.

Ila kwa sisi wa chini mabadiliko ya mafuta si kufungua valvu moja na kufunga nyingine. Mafuta mazito unayapasha hadi digrii 130 hivi ndo yawe mepesi ya kupulizwa. Dizeli safi ya meli ni nyepesi tayari, ukiipasha hivyo inakuwa kama maji, mnato unashuka chini ya sentistoki 2 na pampu inakosa kitu cha kuilainisha. Kwa hiyo unashusha joto polepole, kawaida si zaidi ya digrii 2 kwa dakika, ukiharakisha plunja, yaani fimbo ya ndani ya pampu, inasinyaa au kutanuka tofauti na nyumba yake na inakwama, na injini kuzima karibu na mlango wa bandari yenye mkondo ni hatari ya maisha ya watu. Tena mabaki ya mafuta mazito yamo kwenye mabomba yote, kwenye tangi la kuchanganyia, yanayorudi kutoka injini, inachukua saa kadhaa mpaka kinachoingia kwenye silinda kiwe kweli chini ya 0.1. Kwa hiyo unaanza mapema, unahesabu ujazo wa mfumo wako na kasi ya ulaji, na unaandika logi: saa ngapi, uko wapi, tangi lina kiasi gani. Pale Denmaki kwenye daraja la Great Belt kuna vifaa vya kunusa moshi wa kila meli inayopita chini yake, na sehemu nyingine za Ulaya wanarusha droni kuingia kwenye moshi wako, kwa hiyo kuandika saa ya uongo siku hizi hakukusaidii, na mimi nafurahi imekuwa hivyo.

Oili ya silinda pia lazima ibadilike na watu wengi wanasahau hili. Mafuta ya salfa nyingi yalihitaji oili yenye alkali nyingi, namba 70 hadi 100, ili kuua asidi. Ukihamia mafuta ya salfa kidogo ukaendelea na oili ileile, alkali inakosa asidi ya kupambana nayo, inabaki kama mawe ya kalsiamu juu ya pistoni na inasugua laina. Unaenda namba 40 au kama mtengenezaji anavyosema. Na kiasi chenyewe kipunguze mpaka pale vipimo vya oili inayokusanyika chini ya silinda vinaporuhusu, kwa sababu oili inayoingia zaidi ya mahitaji inaungua nusunusu na kutoka kama chembe, sehemu ya kile kinachoitwa masizi ya mafuta ni oili ya silinda hiyohiyo.

Sasa skraba. Hapa nitasema wazi msimamo wangu.

Sheria inaruhusu uendelee kuchoma mafuta ya salfa nyingi kama umefunga skraba, mnara wa kuogesha moshi kwa maji, ilimradi kinachotoka juu kiwe sawa na mafuta safi, na wanapima kwa kulinganisha dioksidi ya salfa na kaboni dioksidi, uwiano usizidi 21.7 kwa kiwango cha dunia na 4.3 kwa maeneo maalumu. Kwa hewa inafanya kazi, sikatai, nimeona vipimo. Lakini aina iliyofungwa kwenye meli nyingi zaidi ni ile ya wazi, inavuta maji ya bahari, inaogesha moshi, inamwaga maji baharini. Kipimo cha rejea kwenye miongozo ni mita za ujazo 45 kwa kila megawati-saa, yaani injini inayotoa megawati 10 inamwaga mita za ujazo 450 kila saa. Ndani ya hayo maji kuna asidi, kuna metali za mafuta mazito kama vanadiamu na nikeli, kuna hidrokaboni zilezile zinazoleta saratani. Tumeutoa uchafu kwenye hewa tukautia kwenye maji ambamo samaki wanakua. Mwenye meli anapata faida ya tofauti ya bei ya mafuta, na bahari inalipa. Singapore ilikataza maji ya skraba za wazi bandarini kwake tangu 2020, Denmaki na Sweden zimekataza kwenye maji yao kuanzia Julai 2025, na nadhani nchi zote zenye maji ya kina kifupi na mazalia ya samaki zingefuata njia hiyo bila kungoja kukubaliana dunia nzima. Aina ya kufungwa, inayozungusha maji na kuongeza soda kali, ni afadhali kwa sababu tope linabaki melini na linashushwa nchi kavu, ila lazima bandari iwe na pa kulipokea, na lazima mtu aulize pia baada ya hapo linaenda wapi.

Kwa NOx ya Tia 3 kuna njia mbili zilizozoeleka. Moja ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda, unaupoza, unauosha, unauchanganya na hewa mpya. Oksijeni inapungua na zile kaboni dioksidi na mvuke zinakula joto, mwali unakuwa wa baridi zaidi, NOx haizaliwi. Ni nzuri kwa sababu inazuia badala ya kusafisha, ila maji ya kuosha yanakuwa na tope na ukikosea kiasi masizi yanapanda. Nyingine ni kupulizia urea kwenye moshi, kwa meli tunatumia mchanganyiko wa asilimia 40, urea ikipata joto inakuwa amonia, amonia ikipita kwenye matofali ya kichocheo, kitu kinachoharakisha kemia, yenye vanadiamu na titani inakutana na NOx vinageuka nitrojeni na maji. Kwa kemia hii ndo safi kuliko zote, nitrojeni inarudi ilikotoka. Inaweza kukata zaidi ya asilimia 80 ya NOx na haigusi taimingi, kwa hiyo injini unaiacha iungue inavyopenda.

Lakini kichocheo kinataka joto. Kama mafuta yana salfa na moshi uko chini ya digrii 300 hivi, amonia inashikana na asidi ya salfa inakuwa kitu cha kunata kinachoziba matofali, na ukifungua bomba la kuchanganyia unakuta urea imeganda kama chokaa ngumu kuanzia kwenye nozeli hadi kwenye kona ya kwanza. Nimekaa ndani ya hilo bomba na patasi, si kazi ya kutamani. Injini za mipigo miwili moshi wake baada ya tabochaja umeshapoa, ndo maana wengine wanaweka kichocheo kabla ya tabochaja ambako bado pana moto.

Na hapo ndo kuna tundu kubwa kwenye sheria ambalo linaniuma. Injini kuu inayosukuma meli inapimwa kwa mzigo wa asilimia 100, 75, 50 na 25. Chini ya 25 haipimwi. Nguvu ya injini inaenda na mchemraba wa mwendo, yaani mwendo mara mwendo mara mwendo, kwa hiyo mzigo wa asilimia 25 ni kama asilimia 63 ya mwendo kamili. Meli ikiingia bandarini inatembea chini ya hapo. Yaani pale hasa ambapo watu wanaishi, shule, hospitali, nyumba zinazoangalia maji, injini iko kwenye mzigo ambao haujawahi kupimwa kwa cheti, moshi umepoa, urea imejizima yenyewe kulinda kichocheo, na NOx inatoka kama haijawahi kuwa na mtambo. Mtambo wa mamilioni ya dola unasafisha hewa ya katikati ya bahari na kunyamaza ukifika kwenye watu.

Kupunguza mwendo safari nzima naunga mkono kwa moyo wote, kwa huohuo mchemraba ukipunguza mwendo asilimia 10 nguvu inashuka karibu asilimia 27, safari inarefuka kidogo lakini mafuta kwa maili bado yanashuka sana, na kila kisichochomwa hakina moshi. Ila injini iandaliwe kwa hilo, nozeli za mzigo mdogo, tabochaja moja ifungwe kama ziko nyingi, na boila ya ekzosi, ile inayochemsha maji kwa joto la moshi, ipulizwe masizi mara kwa mara, maana kwenye mwendo mdogo masizi yenye unyevu wa mafuta yanajaa humo na siku moja yanashika moto.

Mafuta mapya nitayapitia haraka kwa sababu mengi bado ni ahadi. Gesi asilia iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika haina salfa karibu kabisa na masizi ni kidogo sana, lakini injini za mfumo wa Otto, zinazochanganya gesi na hewa kabla ya kugandamiza, zinavuja methani isiyoungua kupitia dohani, na methani kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi. Sheria ya Ulaya ya FuelEU imeweka kiwango cha kuhesabia cha asilimia 3.1 ya gesi kupotea kwa zile za mwendo wa kati za mfumo huo, na 0.2 tu kwa zile za mwendo wa pole zinazopuliza gesi kwa presha kubwa, kwa hiyo mtu akikwambia meli yake inatumia gesi muulize injini ya aina gani. Methanoli inaungua vizuri bila masizi, feri ya Stena Germanica imeitumia tangu 2015, ila nyingi inayouzwa leo inatengenezwa kwa gesi asilia au makaa, uchafu umebaki kiwandani. Amonia haina kaboni, lakini ni sumu kwa mtu aliye injini rumu, na ikiungua vibaya inatoa oksidi ya nitrasi ambayo ni kama mara 270 ya kaboni dioksidi. Sisemi tusijaribu, nasema dohani ipimwe, si brosha.

Bandarini kwenyewe jibu lipo na ni la zamani, kuzima jenereta na kuchomeka waya wa gati. Göteborg walianza umeme wa msongo mkubwa mwaka 2000, California inalazimisha tangu 2014 kwa aina kadhaa za meli, na Ulaya inazitaka meli za makontena na za abiria zichomeke kwenye bandari kubwa kuanzia 2030. Hata kama umeme wenyewe unatoka kituo cha makaa, angalau bomba la kile kituo ni refu, lina vichujio vinavyopimwa muda wote, na haliko chini ya dirisha la mtu.

Ila waya hausaidii meli ikiwa bado inaingia, na ule muda wa kuingia na kutoka ndo naudai. Ningetaka kipimo cha mzigo wa asilimia 10 kiingizwe kwenye cheti cha NOx, hata kama kiwango chake kitakuwa cha juu kuliko kile cha 25. Vifaa vya kupasha kichocheo vipo, njia ya kupita pembeni ya tabochaja ili moshi ubaki moto ipo, tunaitumia tayari kwenye baadhi ya meli. Watengenezaji watafanya kile kinachopimwa, kama walivyofanya kwa Tia 2, na nyie mliopo kwenye injini rumu zenye urea naomba mniandikie hapa chini mtambo wenu unajizima kwenye mzigo gani na joto gani, pamoja na aina ya mafuta, nitaziweka pamoja kwenye posti inayofuata.